Barua ya wazi kwa wenye viwanda: ubao wa ajali hauhesabu migongo

Kwa wakurugenzi na mameneja wa uzalishaji, kwa wahandisi mnaochora mpangilio wa mitambo, kwa maofisa manunuzi, na kwa wakaguzi wa kazi,

Salamu zangu ziwafikie nyote.

Kwenye malango ya viwanda vingi kuna ubao mkubwa unaotaja idadi ya siku zilizopita tangu ajali ya mwisho. Nauheshimu ubao ule. Umewafanya watu wafunike mashine zilizokuwa wazi, wajifunge mikanda wanapopanda juu, wazime umeme kabla ya kuingiza mkono. Lakini unahesabu tukio lenye saa na dakika tu: kidole kilichokatwa, mtu aliyeanguka, mguu uliobanwa. Bega lililoharibika kidogo kidogo kwa miaka ya kufunga boliti juu ya kichwa halina saa wala dakika. Mgongo wa mtu anayeinua mifuko kutoka chini zamu nzima hauna tarehe ya kuumia. Kwa hiyo hauandikwi. Kwa kuwa hauandikwi haupangiwi bajeti, na kwa kuwa haupangiwi bajeti, mwenye mgongo huo akishindwa anawekwa mwingine palepale, ainame vilevile.

Naandika nikiwa mfanyakazi wa laini ya uzalishaji na mjumbe wa kamati ya usalama na afya. Katika vikao vyetu ajenda ya kwanza huwa miwani na glavu. Ya mwisho, watu wakiwa wameshaanza kukusanya karatasi zao, huwa "mengineyo", na maumivu ya viungo yamo humo kwenye mengineyo. Naomba yahamishwe yaje juu, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na mgongo, kwa kuwa ndio unaozungumzwa kuliko kiungo kingine chochote na bado ndio unaoeleweka vibaya zaidi.

Mtu akiinama kuchukua mzigo, misuli inayomzuia asianguke mbele huvuta ikiwa karibu sana na kitovu cha pingili za mgongo, kama sentimita 5 hivi. Mzigo wenyewe uko mbali, mbele ya mwili. Ukiwa sentimita 50 mbele, kila kilo iliyo mkononi inaidai misuli mvuto wa kilo 10. Mzigo wa kilo 20 unageuka mvuto wa kilo 200, na hapo sijahesabu kichwa, mikono na kiwiliwili chake mwenyewe, ambavyo ni takriban nusu ya uzito wake na vyote vimeinama pamoja naye. Mvuto huo wote huishia kuzibana diski zilizo kati ya pingili. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu ndani yake; hulishwa kwa kufyonza polepole kutoka kwenye mifupa inayoizunguka. Ndiyo maana kidonda cha mkono hufunga kwa siku chache, na ufa wa diski unaweza kukaa miezi mingi, pengine usipone kabisa.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, mwaka 1991 iliboresha kanuni yake ya kukadiria uzito ambao wafanyakazi walio wengi, wenye afya njema, wanaweza kuuinua kwa mikono miwili bila kuhatarisha mgongo. Kanuni inaanza na kilo 23. Hizo ni za hali bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, kwenye usawa wa mikono iliyoning'inia, hakuna kujipinda, una mahali pazuri pa kushika, na unainuliwa mara moja moja. Kila hali inapoharibika, kilo zinapunguzwa.

Nawaomba wahandisi tuifuate hesabu hii pamoja, kwa sababu yote ninayoyadai yamesimama juu yake. Chukueni mfuko ulio safu ya chini ya paleti, lile jukwaa la kupangia mizigo, mikono ikiushika sentimita 15 kutoka sakafuni. Paleti inamzuia mtu asisogee, hivyo mzigo uko sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu yake. Kwa umbali huo peke yake, kilo 23 zinakuwa 11.5. Kwa kuwa mikono iko chini mno, zinashuka hadi 9.4 hivi. Konveya, ukanda unaosafirisha mizigo, iko pembeni, kwa hiyo inambidi ajipinde nyuzi 45: tunafika karibu 8.1. Anaupandisha mfuko sentimita 60 mpaka usawa wa meza: 7.2. Sasa tieni kasi. Kwa mwendo wa mara 4 kila dakika katika zamu ya saa 8, kanuni inabakiza asilimia 45 tu ya kilichosalia. Tumebaki na kilo 3 na robo.

Mfuko una kilo 25.

Angalieni kwamba katika hesabu yote hiyo hakuna mtu mzembe. Hakuna aliyeinua vibaya, hakuna aliyekaidi maelekezo. Uzito wa mfuko, urefu wa paleti, mahali pa konveya na kasi ya laini vilipangwa ofisini na watu wenye elimu, vikasainiwa, vikanunuliwa. Mfanyakazi alikuta kila kitu kimekwisha kuamuliwa, akaleta mgongo wake.

Sasa wekeni paleti juu ya meza ya jeki, inayopanda na kushuka, ili mikono ianzie sentimita 75. Ondoeni kinachomzuia kusogea, mzigo uwe sentimita 30 kutoka vifundoni. Leteni konveya mbele yake asijipinde, na iwe kwenye usawa uleule asilazimike kupandisha. Kabla ya kuhesabu kasi, kanuni inaruhusu kilo 19. Mtu ni yuleyule, mfuko ni uleule, na uzito unaokubalika umezidi zaidi ya mara mbili na nusu bila kumhubiria mtu yeyote. Lakini rudisheni ile kasi ya mara 4 kwa dakika: zinabaki kilo 8.6. Maana yake ni kwamba hata mahali palipopangwa vizuri, mfuko wa kilo 25 kwa mwendo ule si kazi ya mikono ya binadamu. Hapo panatakiwa kinyanyulio cha kunyonya kwa hewa, au mfuko uwe mdogo, au malighafi ije kwa bomba moja kwa moja kutoka kwenye tangi. Kuna kazi ambazo ergonomia, yaani elimu ya kuirekebisha kazi ili imfae mtu, ikizipima kwa uaminifu inasema: zitoeni mikononi mwa watu. Wataalamu wengine huogopa kulitamka hilo mbele ya meneja. Natamani wasiogope.

Mgongo, angalau, una kanuni inayojulikana. Mikono huumia kwa kificho zaidi.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba iliyozungukwa na mifupa na ukanda mgumu. Ndani yake zinapita kano 9 na neva moja. Mkono ukikunjwa na kubana kitu kwa nguvu, tena na tena, njia hujaa uvimbe na neva inakosa nafasi. Mara nyingi dalili huanza usiku: vidole vinakufa ganzi, mtu anaamka anavikung'uta, anadhani aliulalia mkono. Asubuhi anarudi kazini. Kazi yenye mzunguko wa sekunde 10 inarudiwa zaidi ya mara 2,500 katika saa 7, na hiyo ni kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1986 Barbara Silverstein na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Marekani. Waliona kwamba kazi iliyounganisha nguvu nyingi na kujirudia kwingi iliambatana na uwezekano wa maradhi ya mikono ulio karibu mara 30 ya ule wa kazi yenye kiasi kidogo cha vyote viwili. Nguvu peke yake, au kujirudia peke yake, hakukufika hata karibu na hapo. Kwangu mimi hii ni habari njema, kwa sababu ina maana huhitaji kubomoa laini yote ili kumsaidia mtu. Ukishindwa kupunguza kasi, punguza nguvu. Na nguvu mara nyingi huongezwa na mambo ambayo hakuna aliyeyapanga: kisu butu, glavu iliyo kubwa kuliko mkono, bisibisi iliyolika ncha, kishikio chembamba kinachokata kiganja, boliti yenye kutu.

Misuli iliyokazwa bila kusogea nayo hujidhuru yenyewe, kwa kuwa hubana mishipa yake ya damu na kukosa hewa na chakula hapohapo inapovihitaji. Ndicho kinachompata anayefanya kazi mikono ikiwa juu ya mabega, na anayeinamisha shingo juu ya meza iliyo chini mno. Mtetemo wa mashine za kushika mkononi ni balaa lake peke yake. Daktari Alice Hamilton aliueleza mwaka 1918 baada ya kuwachunguza wachongaji wa mawe wa Bedford, Indiana, ambao vidole vyao viligeuka vyeupe na kukosa hisia wakati wa baridi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado grainda hununuliwa kwa kutazama bei na nguvu ya mota bila mtu kusoma kiwango cha mtetemo kilichoandikwa kwenye kijitabu chake.

Najua baadhi yenu mtanijibu hivi: nikipita kwenye laini nawaona watu wenye nguvu, wanafanya kazi, hakuna anayelalamika. Mnachokiona ni kweli. Walioumia hawapo tena. Kazi nzito huwachuja watu. Aliyeshindwa ameacha, ameomba kuhamishwa, au mkataba wake haukuongezwa, na nafasi yake imechukuliwa na kijana ambaye mwili wake haujaanza kudai. Watafiti wa afya ya wafanyakazi wanaujua mtego huu na huukwepa kwa makusudi wanapochunguza kiwanda. Meneja naye anatakiwa aukwepe. Ukitaka kujua kazi fulani inawafanya nini watu, usitazame waliosimama hapo leo. Tazama rejista ya walioacha na sehemu walizotoka. Muulize nesi wa zahanati ya kiwanda ni watu wa sehemu gani wanaofuata dawa za maumivu kila wiki, na uangalie kama majina ya sehemu yanajirudia. Majibu haya mnayo tayari kwenye makabati yenu.

Halafu kuna posho. Pale ambapo nyongeza ya zamu nzima inategemea ubao kubaki safi, mtu ambaye mkono wake unakufa ganzi anajua kwamba akisema, wenzake wote wanakosa nyongeza kwa ajili yake. Hatasema. Atabadilisha mkono, atameza kidonge, atajikaza. Na kibarua wa kutwa, ambaye anasimama langoni kila asubuhi akisubiri kuchaguliwa, mnataka amwambie nani kwamba kiuno kinauma? Nyongeza ya namna hii inanunua ukimya, nami naiona kuwa miongoni mwa mambo yenye madhara makubwa kuliko yote yanayofanywa kwa jina la usalama. Mliianzisha kwa nia njema. Iondoeni.

Kuna pia mikanda ya kiunoni, ile mipana yenye kamba za mabegani. Viwanda huinunua kwa wingi kwa sababu inaonekana: mgeni akija anaona usalama umevaliwa. NIOSH ilipitia ushahidi wake mwaka 1994 na ikakataa kuipendekeza kama kinga kwa mtu ambaye hajaumia. Utafiti wake mkubwa kwa wafanyakazi wa maduka wanaoshughulika na kupanga bidhaa, uliochapishwa mwaka 2000, haukuona ikipunguza maumivu ya mgongo wala madai ya fidia. Mabango ya "inua kwa magoti" hayana historia bora. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa afya, yalikusanya tafiti kuhusu mafunzo ya kuinua mizigo na kukuta kwamba mafunzo hayo hayazuii maumivu ya mgongo. Siyadharau mafunzo, mtu mpya lazima aonyeshwe kazi. Ila rudini kwenye ile hesabu ya paleti. Magoti yakunjwe yasikunjwe, mfuko umebaki sentimita 50 mbele kwa sababu paleti iko katikati, na konveya iko pembeni kwa sababu iliwekwa pembeni. Unaweza kumfundisha mtu mwaka mzima na vitu hivyo visisogee hata sentimita moja.

Basi kifanyike nini? Kikubwa ni kuanzia kwenye vitu badala ya watu. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 1990 kuhusu kubeba mizigo kwa mikono, uliweka mpangilio wa fikra ninaoukubali kabisa: mwajiri kwanza atafute namna ya kuepusha kubeba, hasa kwa mitambo, pale tu isipowezekana ndipo apunguze hatari iliyobaki. Viwanda vingi hufuata mpangilio huo kinyumenyume, vikaanzia kwenye glavu na bango.

Meza ndiyo ya kwanza kutazamwa, maana ni rahisi na inasahauliwa. Kipimo cha meza ni kiwiko cha anayeitumia. Kazi nyepesi ya mikono inafaa iwe chini ya kiwiko kama sentimita 10 hadi 15. Kazi ya kukandamiza inahitaji meza iliyo chini zaidi ili uzito wa mwili usaidie. Kazi ya macho makini inataka meza juu ya kiwiko kidogo ili shingo isiinamishwe. Tatizo ni kwamba viwiko havilingani. Meza iliyotengenezwa kwa mtu wa wastani inamsumbua mfupi na mrefu kwa pamoja, na katika kiwanda chenye wanawake na wanaume hao ndio walio wengi. Kwa vitu vya kufikia kwa mkono, pimeni kwa mwenye mkono mfupi. Kwa nafasi ya kichwa na magoti, pimeni kwa aliye mrefu. Meza ya kupandishwa na kushushwa inamaliza ubishi. Ikishindikana, jukwaa la kusimamia kwa wafupi na vitalu chini ya miguu ya meza kwa warefu ni kazi ya fundi seremala ya siku moja.

Nawageukia maofisa manunuzi, ambao sijawahi kuwaona wakialikwa kwenye mkutano wowote wa usalama. Ninyi mna nguvu kuliko daktari wa kiwanda. Mkiamua kuagiza malighafi katika mifuko midogo, au katika magunia makubwa ya tani nzima yanayoshughulikiwa na foklifti peke yake, mmeokoa migongo mingi kwa saini moja. Hatari iko pale katikati, mfuko unapokuwa mzito kwa mtu na mdogo kwa mashine. Mkinunua bisibisi ya umeme, ulizeni uzito wake, ulizeni inamtupaje mkono boliti inapokaza, ulizeni kama inaweza kuning'inizwa kwa springi juu ya meza ili mtu asiibebe. Na kabla ya kulipa, ileteni kwa wanaoitumia. Watu wawili kutoka sehemu hiyo, mfupi na mrefu, waishike kwa zamu nzima. Watawaambia mambo ambayo hayamo kwenye kijitabu chochote.

Niseme neno kuhusu magurudumu. Katika kiwanda chenye matoroli mengi kila mtu anajua yale mazito. Mwanzoni mwa zamu watu hugombania mepesi, na wa mwisho kufika anabaki na lile lenye gurudumu lililokwama, lililosokotwa nyuzi na vumbi la chuma, ambalo kulianzisha tu kusogea kunahitaji kulisukuma kwa kifua. Gurudumu hilo halimo kwenye ratiba ya matengenezo, kwa sababu toroli halihesabiwi kuwa mashine. Liingizeni. Ingizeni pia visu, mabisibisi na mashimo ya sakafuni. Matengenezo ni ergonomia pia, na ni ya bei nafuu kuliko zote.

Kubadilishana kazi kunasaidia endapo viungo vinavyofanya kazi vinabadilika. Kumtoa mtu kwenye kufunga boliti ukampeleka kwenye kukata nyaya ni kuuchosha mkono uleule mahali pengine. Kuhusu mapumziko, hofu yenu kubwa ni uzalishaji, na ni hofu ya haki. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika kiwanda cha kusindika nyama, ambapo wafanyakazi waliongezewa dakika 36 za kupumzika kwa siku juu ya mapumziko yao ya kawaida. Siku fulani dakika hizo ziligawanywa katika vipande vya dakika 3, siku nyingine vipande vya dakika 9. Uzalishaji haukushuka kwa mpango wowote kati ya hiyo miwili, na wafanyakazi wenyewe waliupendelea ule wa dakika 9. Sisemi kila laini itatoa jibu hilohilo. Nasema ni jambo la kujaribu kwa wiki chache katika sehemu moja na kupima, kama mnavyojaribu na kupima mafuta mapya ya mashine.

Gharama naijua kuwa ndiyo kikwazo, ingawa hesabu yake hufanywa nusu. Meza ya jeki ina risiti, kwa hiyo inaonekana ghali. Mtu mzoefu aliyeondoka hana risiti. Mpya anayejifunza na kuharibu bidhaa, msimamizi anayekaa naye badala ya kusimamia, siku za ugonjwa, kazi ya marudio kwa kuwa mkono uliochoka haukukaza boliti sawasawa: hivi vyote vinalipwa, kila kimoja kutoka kwenye fungu lake, na hakuna anayevijumlisha. Vijumlisheni mara moja kwa sehemu moja yenye matatizo, kwa takwimu zenu wenyewe, kisha mlinganishe na bei ya meza.

Wala msisubiri sheria iwasukume. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliandika mwaka 1700 kwamba mikao isiyo ya kawaida na mijongeo ya nguvu huwaletea wafanyakazi maradhi, na tangu hapo sheria imekuwa ikija nyuma sana ya maarifa. Marekani ilitoa kanuni ya ergonomia kwa waajiri Novemba 2000. Bunge liliifuta Machi 2001. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 127 wa mwaka 1967, unaokataza mfanyakazi kulazimishwa au kuruhusiwa kubeba mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya yake, lakini Pendekezo lililoambatana nao linataja kilo 55 kwa mwanamume mzima, kiwango ambacho leo hakuna mtaalamu makini angekitetea. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 una ibara ya 21 ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila ofisi ya ghala: hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Na Juni 2022 Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliingiza mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za kazi, pamoja na uhuru wa kujiunga na vyama na marufuku ya kazi za kulazimishwa. Wakaguzi, hilo ni lenu. Mnapoingia kiwandani mnaulizia mitungi ya kuzimia moto na milango ya dharura, na mnafanya vyema. Ulizieni pia uzito wa mifuko, na mtazame mtu anaichukulia wapi.

Ninachokiomba kinaweza kuanza bila mkandarasi wala mashine mpya. Wekeni rejista ya maumivu karibu na ile ya ajali. Kila mwezi kila sehemu ipewe karatasi zenye mchoro wa mwili, mbele na nyuma, na kila mtu, kibarua akiwemo, atie alama panapomuuma bila kuandika jina. Karatasi zikikusanywa mchoro wenyewe utazungumza: sehemu moja alama zitajaa bega la kulia, nyingine viuno, nyingine vifundo vya mikono. Hapo mtajua pa kuanzia. Kampuni ya chuma ya Ovako nchini Finland, katika miaka ya 1970, ilifanya jambo la aina hiyo kwa mikao ya kazi. Mikao ilipigwa picha, ikapangwa makundi, na wafanyakazi wazoefu wakashirikishwa kuipima kwa ukali wake. Njia iliyozaliwa pale inatumika duniani hadi sasa. Walioijenga hawakuwadharau waliokuwa wakiinama.

Karatasi hizo zisiende kwa anayeandika barua za kuachisha kazi. Ziende kwa mhandisi na kamati. Kutokana nazo zichaguliwe kazi tatu zenye alama nyingi kuliko nyingine, kila moja ipewe mtu mwenye jina na tarehe ya kuimaliza, na baada ya mabadiliko mchoro urudiwe ili ionekane kama alama zimepungua. Zisipopungua, mabadiliko yalikuwa ya rangi tu na yafanywe upya. Anayejitokeza mapema kusema mkono wake unakufa ganzi ahamishiwe kazi nyepesi kwa mshahara uleule mpaka atakapopona, kwa sababu mtu mmoja tu akipunguziwa mshahara, rejista yote imekufa siku hiyo. Na posho ya ubao itenganishwe na maumivu kabisa.

Kamati yetu imeshachora mchoro wa mwili na iko tayari kuugawa kwenye sehemu mbili zenye kazi nzito zaidi, kupakia na kufunga mizigo. Tunahitaji dakika 15 mwanzoni mwa zamu, ndani ya muda wa kazi unaolipwa, na mhandisi mmoja mwenye mamlaka ya kusaini atakayekaa nasi tunapozisoma karatasi. Tunaomba mtujibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha kamati, mkimtaja mhandisi huyo ni nani.

Wenu katika kazi,
Mjumbe wa kamati ya usalama na afya, kwa niaba ya wafanyakazi wa zamu zote